Mwenza wa Shoka

Shuleni walimwita Kimya. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na hakuzaliwa hivyo. Utotoni alikuwa msemaji, mtoto wa kumkatiza baba yake maneno na kumalizia mama yake hadithi. Kisha mama akatangulia, na baba akafuata kabla nguo za msiba hazijakunjwa vizuri, naye akahamia kwa shangazi yake na begi moja. Siku zile za mwanzo kila aliyemwona alikuwa na swali. Unaendeleaje? Umekula? Umelala? Akagundua kwamba jibu fupi humaliza mambo haraka, basi akayafupisha. Mwaka ulipokatika hakuwa na majibu marefu tena, hata pale alipoyahitaji.

Shangazi alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kufulia na kupiga pasi, cha nyuma cha kulala, na Kimya alitandikiwa godoro kati ya ukuta na matenga ya nguo ambazo wenyewe hawajazifuata. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyeletewa mtoto wa kaka yake bila kuulizwa kama nafasi ipo, na mapenzi yake aliyaonyesha kwa njia moja tu: kumpa mtoto kazi ili asikae na mawazo. Kazi yenyewe ilikuwa kurudisha nguo kwa wenyewe. Wengine wangehitaji vitambulisho vya kushona kwenye kola. Kimya aliliangalia shati mara moja, kifungo kilichobadilishwa, kola iliyolika upande mmoja, na hakusahau tena ni la nani.

Mmoja wa wateja alikuwa ukumbi wa karata, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walileta vitambaa vya kijani vya kutandika mezani, vyenye madoa ya chai na majivu. Jumamosi moja mchana Kimya alipanda ngazi na bunda la vitambaa safi kichwani. Msimamizi wa ukumbi, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwambia asubiri meza ya dirishani wamalize, ili aondoke na kitambaa chao kichafu.

Akasubiri. Watu wanne walikuwa wamekaa mezani, wawili dhidi ya wawili, kila mtu akitazamana na mwenza wake. Kila mmoja alishika karata kumi na tatu. Mmoja aliweka karata, na wengine wakatakiwa kufuata aina ileile: kopa kwa kopa, pau kwa pau, uru kwa uru, shupaza kwa shupaza. Mwenye kubwa alikula mzunguko. Aliyeishiwa aina hiyo aliweza kutupa karata yoyote, au kukata kwa turufu, ile aina iliyochaguliwa kuzila nyingine zote. Kilichomshika Kimya ni kitu kingine kabisa: hakuna aliyesema neno. Kusema ulikuwa mwiko mpaka mkono uishe, yaani karata zote kumi na tatu zimalizike. Lakini watu hawa walikuwa wanaongea. Alianza kuona hivyo taratibu, kama mtu anayezoea giza la chumba. Huyu ametupa kopa ndogo, maana yake anamwambia mwenzake: huko sina kitu, usinitafute. Yule amechelewa kufuata, maana yake ana mbili na hajui aachie ipi.

Mkono ulipoisha, mwanamke aliyemgeuzia Kimya mgongo alipiga meza kwa kiganja.

"Mimi nacheza na mtu au nacheza na gogo?"

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kazi. Alikuwa na bucha sokoni, na kwa vile alipasua mifupa mwenyewe bila kungoja mwanamume, watu walimwita Shoka, na yeye aliitika. Mwenza wake wa siku hiyo, kijana wa duka la dawa, aliinuka akavaa kofia yake.

"Tafuta gogo lingine," alisema kwa upole, akashuka ngazi.

Wapinzani walitazama karata zao. Shoka akageuka, akamkuta msichana na bunda la vitambaa.

"Na wewe unashangaa nini?"

Kimya angeweza kusema "hakuna," neno lake la kila siku. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, imekwaruza kwa kukosa kazi.

"Hakukosea yeye. Ulipomwekea uru, uru kubwa zilikuwa zimekwisha kutoka, isipokuwa ghulamu. Na ghulamu alikuwa naye huyu baba," akamwonyesha mpinzani wa kushoto. "Alikuwa amemficha tangu mzunguko wa pili."

Mpinzani wa kushoto akacheka kwa pua. Shoka hakucheka. Alimwangalia msichana kuanzia viatu kwenda juu, kama anavyoangalia nyama iliyoletwa alfajiri kabla ya kuipokea.

"Weka hivyo vitambaa chini," alisema. "Kaa."

*

Alirudi nyumbani jioni hiyo bila kitambaa kichafu na bila kujua kwamba alikuwa amechelewa. Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, na iliyofuata tena. Shoka alimfundisha kwa kelele mkono ulipoisha, na kwa macho makali mkono ulipokuwa ukiendelea. Alimfundisha kuhesabu turufu zilizotoka. Alimfundisha kwamba mwenza hasomwi usoni, anasomwa kwenye karata anazotupa. "Karata ndogo ni hapana," alisema. "Karata kubwa ni ndiyo. Zaidi ya hapo mtu aombe Mungu." Na Kimya, ambaye darasani hakunyoosha mkono hata alipojua jibu, alianza kubisha.

"Hapo ungeacha mfalme apite."

"Nimwache mfalme apite? Wewe mfalme akipita mlangoni kwenu utamwacha?"

"Kama nyuma yake kuna ree ya kumla, ndiyo."

Shoka akasema, "Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu," na watu wa meza za jirani wakacheka. Tangu baba yake alipofariki, hicho kilikuwa kicheko cha kwanza kilichomhusu Kimya bila kumwonea huruma.

Mambo hayo hayafichiki. Jirani alimwambia shangazi kwamba mtoto wako anaonekana kwa wacheza karata. Shangazi hakupiga kelele. Alichomoa pasi, akakaa kwenye kigoda, akasema Kimya hatakanyaga pale tena, karata ni mwanzo wa kamari na kamari ni mwanzo wa kila kitu. Kimya akajibu "sawa." Lilikuwa jibu lake la zamani, na lilimwuma kulitoa.

Siku ya tatu Shoka alikuja mwenyewe kwa dobi, na aproni yake ya kazini, na mfuko wa nyama mkononi.

"Dada, nimekuja kuomba mtoto."

"Kuomba mtoto?" Shangazi alimtazama juu chini. "Mimi hapa sina wa kuozesha."

"Wa kucheza karata. Kuna mashindano mwisho wa mwezi, na mimi sina mwenza. Hatuwekeani hata senti. Kuna kikombe cha bati na maneno mengi, basi."

"Watu wazima wote wa mji huu wamekwisha, mpaka uje kwa mtoto wa shule?"

"Hawajaisha. Hawanitaki." Shoka alisema hivyo bila aibu. "Nina mdomo. Huyu wako anauvumilia. Na nikuambie kitu, dada: huyu mtoto ana kichwa. Nimecheza miaka mingi, sijaona."

Shangazi alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akamwuliza Kimya, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na tenga mikononi, "Wewe unapenda huko?"

"Ndiyo," Kimya alisema. Akaona halitoshi. "Huko watu wananisubiri, shangazi. Zamu yangu ikifika, wote wananisubiri mimi."

Shangazi aliipokea nyama. "Jumamosi tu," alisema. "Na alama za shule zikishuka, nakuja mwenyewe kukutoa hapo kwa sikio."

*

Mashindano yalianza asubuhi. Meza zilijaa ukumbi mzima, madirisha yalikuwa wazi, na chini mafundi walipakia mabati kwenye gari kwa kishindo, kila bati likianguka watu wakishtuka kwenye viti vyao. Msimamizi alisoma kanuni kwa sauti ya darasani. Akaishia na ile iliyoandikwa pia ukutani: hakuna maneno, hakuna ishara. Anayempa mwenzake habari kwa njia isiyo ya karata ametoka yeye na mwenzake.

Walishinda meza ya kwanza kwa urahisi. Ya pili kwa shida. Katika ya tatu, iliyokuwa nusu fainali, ndipo Kimya alipoona.

Ilikuwa zamu yake kuanzisha mzunguko, naye alikuwa akisita kati ya uru na kopa. Aliinua macho. Shoka alikuwa akizungusha bangili yake kwenye mkono, polepole, kama mtu anayewaza. Kimya akaweka uru. Shoka akala kwa ree.

Mzunguko wa baadaye alisita tena. Shoka alijikuna sikio. Kimya akashika kopa, na vidole vyake vilipoigusa ile karata, akaelewa. Bangili ni uru. Sikio ni kopa. Akakumbuka Jumamosi zote zilizopita, mizunguko yote aliyoianzisha "kwa bahati", na kila alipoirudisha picha akilini alimwona Shoka akigusa kitu: bangili, sikio, ncha ya pua. Kichwa chake kisichosahau shati la mtu hakikuwa kimesahau hilo pia. Kilikuwa kimelihifadhi na kulitumia bila kumwambia mwenyewe.

Aliiweka ile kopa, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na msimamizi alikuwa akimtazama. Walishinda nusu fainali.

Wakati wa mapumziko alikwenda kwenye bomba la maji nyuma ya ukumbi, akanawa uso, akanawa tena. Mpinzani wao wa fainali alikuwa pale akijaza chupa. Alikuwa fundi saa, mzee kidogo kuliko Shoka, mwembamba, mwenye kucha safi. Kimya aliwahi kusikia kwamba huyu ndiye aliyekuwa mwenza wa Shoka kwa miaka, na kwamba siku moja aliinuka tu akahama meza, na mpaka leo hajasema kwa nini.

Fundi saa alifunga chupa yake. "Unacheza vizuri sana, mwanangu," alisema. "Lakini karata ziko mezani. Hazipo kwenye masikio ya mtu."

Akaondoka. Kimya alibaki ameshika bomba. Alijua sasa kwamba halikuwa wazo lake tu, na alijua pia kwamba huyu mtu angeweza kusema kwa msimamizi na hajasema. Alipogeuka, Shoka alikuwa amesimama mlangoni na vipande viwili vya mkate.

"Kula. Umepauka."

"Sina njaa."

"Kula, mwenzangu. Fainali haichezwi na tumbo tupu."

Mwenzangu. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Kimya aliupokea mkate, akautafuna, haukushuka. Alitaka kusema, na maneno yalikuwapo, yamejipanga. Lakini alifikiri: nikisema, ataondoka. Mama aliondoka, baba aliondoka, na huyu naye ataniacha kwa mkono wangu mwenyewe. Akanyamaza.

*

Fainali ilikuwa na mikono mitano. Fundi saa alicheza na nesi wa zahanati, kijana mtulivu aliyepanga karata zake kama anavyopanga dawa kwenye sinia. Kimya aliamua jambo moja kabla ya kukaa: hatainua macho. Aliangalia kitambaa cha kijani, alichokiosha na kukipiga pasi mwenyewe, na mikono iliyoingia na kutoka. Walishinda wa kwanza, wakapoteza wa pili. Kila alipotakiwa kuanzisha, alisikia bangili ikigonga ukingo wa meza, mara moja, mara mbili, ikimwita. Hakuinua macho. Mkono wa tatu walipoteza, wa nne walishinda, na watu wa meza nyingine, waliokwisha kutolewa, walikuja kusimama nyuma yao wakizuia hata upepo wa dirisha.

Mkono wa tano ndio ungeamua. Turufu ilikuwa shupaza. Mapema katika mkono huo, turufu ilipokuwa inavutwa, Shoka aliishiwa nayo akatakiwa kutupa kitu. Alitupa nne ya kopa. Kimya aliisoma kama alivyofundishwa: karata ndogo, hapana. Kopa, hapana. Basi nguvu yake iko kwingine.

Mizunguko ilikwenda. Wapinzani wakafika sita, wao wakafika tano, na zikabaki karata mbili mkononi mwa kila mtu. Atakayefikisha saba ndiye mshindi. Turufu zote zilikuwa zimekwisha. Zamu ya kuanzisha ilikuwa ya Kimya.

Alikuwa na tisa ya kopa na kumi ya pau. Ree za aina zote mbili zilikuwa zimetoka. Hajatoka mfalme wa kopa, hajatoka mfalme wa pau. Mmoja wao, kwa hesabu yake, alikuwa kwa Shoka, na mwingine kwa wapinzani. Akimpelekea Shoka aina iliyo yake, Shoka anakula, na karata yake ya mwisho, uru pekee iliyobaki mchezoni, inakula pia, kwa kuwa hakuna wa kuifuata wala wa kuikata. Saba. Akikosea, fundi saa au nesi anakula mmoja, na mchezo umekwisha.

Nne ya kopa ilikuwa imesema. Mwenza wangu hana kitu kwenye kopa. Basi ni pau. Alikwisha kuamua, kidole gumba kilikuwa tayari juu ya ile kumi.

Ndipo Shoka alipokohoa. Kikohozi kikubwa, cha ghafla, na Kimya, kama mtu yeyote anayesikia mtu akikohoa mbele yake, aliinua macho.

Shoka alikuwa ameshika sikio. Hakuwa analikuna. Alikuwa amelishika kwa vidole viwili na kulivuta, macho yamemtoka, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Kimya hakuwahi kukiona pale: kuomba.

Kopa. Alikuwa na mfalme wa kopa. Alikosea kutupa ile nne, na sasa alikuwa anataka kulirekebisha kosa lake kwa sikio.

Bati lilianguka chini barabarani, hakuna aliyeshtuka. Kimya aliona kila kitu kwa pamoja. Kombe la bati kwenye kiti cha msimamizi. Fundi saa, ambaye hakumtazama Shoka wala hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama kitambaa, akisubiri, kama mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho. Karata ya kopa ilikuwa hapo, upana wa ukucha kutoka kwenye kidole chake. Hakuna ambaye angelijua. Wangelimbeba. Shoka angelimwita mwenzangu mpaka uzeeni.

"Muda," msimamizi alisema.

Kimya akaweka kumi ya pau.

Nesi alifuata na sita. Shoka hakuwa na pau. Alikaa na karata zake mbili kwa muda mrefu kupita kiasi, kisha akaitupa ile uru, nayo ikaanguka kifudifudi, ikabidi aigeuze. Fundi saa aliweka mfalme wa pau, polepole, bila furaha. Saba.

*

Watu walipiga makofi, msimamizi akatoa kikombe, mtu akapiga picha. Shoka alishuka ngazi bila kumpa mtu mkono, na Kimya akamfuata. Walikutana chini, kwenye ujia kati ya duka na ukuta, palipokuwa na harufu ya rangi na chuma.

"Uliniona," Shoka alisema.

"Nilikuona."

"Ukajua."

"Nikajua."

"Ukaweka pau." Sauti yake ilitetemeka. "Nimekutoa kwenye matenga ya nguo chafu, mimi. Nimekwenda kukuombea kwa shangazi yako na aproni yangu ya damu. Na wewe, mbele ya watu wote, mbele ya yule..."

"Karata yako iliniambia pau."

"Nilikosea!"

"Basi ulikosea." Kimya alishangaa kwamba sauti yake haikutetemeka. "Wengine wakikosea wanafungwa. Ningeweka kopa, ni nani angekuwa amecheza? Wewe na sikio lako. Mimi ningekuwa nani pale? Mkono wa kushika karata zako za ziada?"

Shoka, mwanamke ambaye soko zima liliogopa mdomo wake, aligeuka akaondoka, akigonga ukuta kwa bega lake pana alipopita.

Kimya alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Shangazi alikuwa akipiga pasi shati la mtu. Aliuliza bila kugeuka, "Mmeshinda?" na akategemea neno moja.

Halikuja neno moja. Kimya alikaa juu ya tenga akaanza kusimulia: kuhusu bangili, kuhusu fundi saa pale bombani, mkate usioshuka, nne ya kopa ni nini na kwa nini, na katikati ya maelezo akaanza kulia na hakuacha kueleza. Shangazi aliinua pasi, akaichomoa, kabla shati halijaungua. Alisikiliza mambo ambayo nusu yake hakuyaelewa, akisema "enhe" kila pumzi ilipomkatika mtoto. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, mengine nayo yakapita: baba, hospitali, mwaka mzima wa kusema sawa. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena.

"Sasa," shangazi alisema mwishowe, akimfuta uso kwa upindo wa kanga, "unalia kwa kushindwa?"

"Hapana. Aliniita mwenzake. Kisha akanicheza kama karata."

"Hayo mwambie yeye."

"Nimemwambia. Ameondoka."

"Mtu akiondoka kwa miguu yake," shangazi alisema, "anaweza kufuatwa. Si kama wengine." Kati ya wengine hao, mmoja alikuwa kaka yake. Kisha akachomeka pasi.

*

Majuma kadhaa Shoka hakuonekana ukumbini. Kimya alikwenda akacheza na yeyote aliyekosa mwenza: kijana wa duka la dawa, nesi, hata msimamizi mwenyewe, ambaye alicheza vibaya na kukasirika akiambiwa. Fundi saa alimkaribisha meza yake mara moja, kwa heshima, na Kimya akamshukuru, akasema atafikiri. Hakujua anangoja nini mpaka siku shangazi alipomtuma nyama.

Buchani palikuwa na foleni. Shoka alimwona tangu mbali, akaendelea kupasua mfupa. Zamu ya Kimya ilipofika, Shoka alipima nyama, akaifunga kwenye karatasi, akaisukuma.

"Jumamosi utakuja?" Kimya aliuliza.

"Nani kakwambia nakutaka?"

"Sijauliza kama unanitaka. Nimeuliza kama utakuja."

Mtu wa nyuma kwenye foleni akaguna. Shoka alifuta kisu upande mmoja, akafuta upande mwingine. Alipoongea alikuwa akikiambia kisu.

"Yule fundi aliniambia hivyohivyo, zamani. Kwamba namfanya mkono. Nikamtukana. Hakuniita tena." Aliinua macho. "Mimi naogopa, mtoto. Watu hawaoni kwa sababu napiga kelele. Mwenzangu akishika karata na mimi siwezi kumwambia kitu, nahisi kama nimefungwa macho nimewekwa barabarani."

"Mimi pia."

"Wewe hukuonyesha."

"Nilikuwa natazama kitambaa."

Shoka akakohoa, na safari hii ilikuwa nusu ya kucheka. Akatazama foleni, akaona watu wote wamenyamaza wakisikiliza, akawauliza kama wamekuja kununua nyama au kusikiliza taarifa ya habari. Kwa Kimya akasema, "Nikigusa chochote, inuka uondoke. Mbele ya watu."

"Nitainuka."

"Najua utainuka. Ndiyo shida yako."

Jumamosi alikuja, amevua bangili na vipuli vyote, akiwa ameukalia mkono wa kushoto kama mtoto aliyeadhibiwa. Watu walimtania na alivumilia. Walipangiwa meza na wachezaji wapya wawili, mke na mume waliogombana kuhusu kila karata. Mkono wa kwanza Kimya alimsoma Shoka vibaya na walifungwa na watu wasiojua hata kuhesabu turufu. Shoka alivuta pumzi, uso ukamvimba, akaishusha. Mkono wa pili waliushinda kwa shida, kwa mzunguko mmoja, na kabla msimamizi hajaandika alama walikuwa wamekwisha kuinamiana juu ya meza, wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja, wakibishana kama malkia wa shupaza alipaswa kutoka mapema.